Mnyororo Mrefu: Maneno kwa Wanafunzi wa Kemia, Tanga

Hotuba hii ilitolewa jijini Tanga mbele ya wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, walimu wao, wazazi, na kundi la wanafunzi wa chuo kikuu waliokuja na mhadhiri wao kuonyesha majaribio ya kemia ya polima.

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, habari za asubuhi. Wanangu, hamjambo.

Mlipoingia mlangoni kila mmoja alipewa rababendi, ule mpira mwembamba wa kufungia noti. Naomba mwutoe sasa. Uguseni mdomoni ukiwa umelegea. Hauna joto wala baridi. Sasa uvuteni kwa ghafla, karibu na mwisho wake, na papo hapo uguseni tena mdomoni.

Naona nyuso zinabadilika. Umepata joto. Hakuna aliyeuanika juani na hakuna aliyeusugua. Endeleeni kuuvuta hivyo hivyo kwa muda, upoe. Haya, uachieni na uguseni tena. Umekuwa wa baridi.

Jaribio hili alilieleza John Gough, Mwingereza wa mji wa Kendal, mwaka 1805. Gough alipofuka akiwa mtoto mdogo kwa ugonjwa wa ndui, kwa hiyo midomo ndiyo ilikuwa kipimajoto chake. Nimeanza naye kwa makusudi. Kuna watu wengi wanaotuambia kwamba sayansi haianzi mpaka mashine ifike kutoka ng'ambo, na mimi nataka mwondoke hapa mkimkumbuka mtu asiyeona aliyegundua jambo kubwa kwa kipande cha mpira.

Ndani ya mpira mna molekuli ndefu mno, zimejikunjakunja ovyo kama katani, zile nyuzi za mkonge, inapotoka korona, mashine ya kuparua majani, kabla haijapigwa brashi. Ukivuta, unazinyoosha zilale upande mmoja. Zinapoteza uhuru wao wa kujikunja, na joto linatoka. Ukiachia, zinarudi kujikunja, na katika kurudi huko zinachukua joto la mdomo wako. Ndiyo maana mpira ulioning'iniziwa jiwe, ukiupasha moto, unapanda juu na jiwe lake. Chuma kikipata moto hurefuka. Mpira uliovutwa hufupika. Mkajaribu nyumbani, jiwe lisiwe zito mno, na maji ya moto ashike mtu mzima.

Kemia mliyoizoea darasani ni ya molekuli fupi. Maji yana atomi 3. Molekuli ya sukari ya chai ina atomi 45. Molekuli moja ya plastiki ya ndoo ina maelfu kwa maelfu ya atomi zilizoshikana moja baada ya nyingine, mnyororo mmoja. Hiyo ndiyo polima. Pamba ni polima, katani ni polima, wanga wa muhogo ni polima, nywele zenu ni polima. Mwaka 1920 Hermann Staudinger, Mjerumani aliyekuwa akifundisha Zürich, aliandika kwamba vitu hivi vimeundwa kwa minyororo mirefu ya kweli. Wakubwa wengi wa kemia wa wakati wake walimkatalia. Waliamini ni molekuli ndogo tu zilizokusanyika pamoja, na walimshauri aachane na mawazo hayo. Hakuachana nayo. Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 1953, akiwa na miaka 72.

Na hapa niseme jambo moja la pwani yetu ambalo vitabu vya kemia havilisemi. Katika karne ya 19, sandarusi ya Mrima, yaani utomvu wa mti uliokauka ukawa mgumu, ilipakiwa Unguja ikapelekwa mpaka Salem, Marekani, kutengenezewa vanishi. Wachimbaji wa sandarusi walijua kutenganisha aina mbili. Ile iliyochimbwa ardhini, iliyolala humo miaka isiyohesabika, ilikuwa ngumu na ya bei. Ile iliyotolewa mtini ikiwa bado changa waliiita chakazi, na bei yake ilikuwa ndogo. Wafanyabiashara wageni walilisikia vibaya neno chakazi wakaliandika "jackass", yaani punda kwa lugha yao. Lakini tofauti yenyewe ilikuwa ya kweli kabisa, na leo tunaweza kuieleza kwa molekuli: katika utomvu uliozikwa, molekuli ndogo ziliendelea kushikana mpaka zikawa minyororo na nyavu ngumu. Babu zetu waliipima polima kwa kucha na kwa jino miaka mingi kabla ya Staudinger.

Sasa nije kwenye mkonge, maana nimekuja Tanga na siwezi kuupita.

Mimi nimezaliwa kambini, kambi ya wafanyakazi wa mkonge. Baba yangu alitoka Kigoma akiwa manamba, kibarua wa mkataba, akaja kukata mkonge Muheza, na hakurudi tena kwao. Mikono yake ilikuwa na makovu ya miiba mpaka anazikwa. Mbegu ya kazi ile ililetwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika hai ni 62 tu. Kutokana na miche hiyo 62 mkoa huu wote ukageuka. Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa zaidi ya tani 230,000 za katani, na hakuna nchi iliyotuzidi duniani. Kamba za kufungia majani makavu katika mashamba ya Ulaya na Marekani zilikuwa ni jasho la watu kama baba yangu.

Kisha bei ikaanguka. Mabehewa yakapungua. Korona moja ikazimwa, na nyingine. Mimi nilikuwa mtoto na sikuelewa. Watu wazima walisema mengi, na mengi yao yalikuwa na ukweli: utaifishaji wa 1967, uendeshaji mbaya, madeni. Lakini kulikuwa na sababu nyingine ambayo kambini hakuna aliyeweza kuijua, kwa sababu ilianzia kwenye meza ya maabara, katika mji wa Mülheim, Ujerumani, mwaka 1953.

Naomba mnisikilize vizuri hapa, hasa ninyi wa chuo.

Karl Ziegler alikuwa na taasisi ya utafiti mjini humo. Mwanafunzi wake, Erhard Holzkamp, alikuwa akirudia jaribio la kuunganisha molekuli za ethilini, gesi ya molekuli ndogo, ziwe ndefu zaidi. Siku moja jaribio lilikataa. Badala ya minyororo, akapata molekuli fupi, mbili mbili tu. Mwanafunzi mwingine angemwaga, angeosha chombo, angeandika kwamba jaribio limeharibika. Wao walikaa nalo wakauliza kwa nini. Wakagundua kwamba ndani ya chombo cha chuma kulikuwa na mabaki kidogo mno ya nikeli, na nikeli hiyo ndiyo iliyokata minyororo. Basi wakajiuliza: kama metali moja inakata, je, iko nyingine inayorefusha? Wakaanza kuzijaribu moja baada ya moja. Heinz Breil alipofika kwenye zirkoni alipata donge jeupe la plastiki. Muda mfupi baadaye Heinz Martin akatumia titani, ikafanya kazi vizuri zaidi, bila ya mgandamizo mkubwa uliokuwa ukihitajika siku zote. Mwaka uliofuata, 1954, Giulio Natta wa Milano alitumia kichocheo cha aina hiyo, yaani kitu kinachoharakisha molekuli kuungana, kwenye propilini, gesi ndugu ya ethilini, na ulimwengu ukapata polipropilini yenye mnyororo ulionyooka kwa mpangilio. Mwaka 1963 Ziegler na Natta walipewa Nobel pamoja.

Polipropilini inasukwa kamba. Haiozi, haiingii maji, na kiwanda chake hakisubiri jani likomae miaka. Kamba hiyo ndiyo iliyoingia katika mashamba yale yale ya Ulaya na Marekani, ikachukua nafasi ya katani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji wetu haukufika hata tani 30,000 kwa mwaka.

Mnaona mnyororo wenyewe ulivyo? Mwanafunzi mmoja Mülheim hakumwaga jaribio lililoharibika, na baada ya miaka michache baba yangu akakaa kambini bila kazi. Simlaumu Holzkamp. Alifanya kazi yake kwa uaminifu. Ninachosema ni kwamba huku kwetu hakukuwa na mtu kwenye meza kama ile. Tuliongoza dunia kwa katani, polima ya asili, tukajua kuikata, kuipiga korona, kuianika, kuipiga brashi na kuifunga marobota, lakini swali la molekuli yake tuliwaachia wengine.

Hiyo ndiyo sababu nimeacha kazi zangu leo kuja kwenu, na ndiyo sababu ninasema bila kuchoka kwamba mwanafunzi wa shahada ya kwanza aingizwe kwenye utafiti. Asisubiri uzamili. Asisubiri uzamivu. Aingizwe mapema, akiwa bado ana maswali mabichi.

Najua kuna walimu wenzangu wasiokubali. Wanasema mwanafunzi wa mwaka wa pili atavunja vyombo, atamaliza kemikali, hajui kitu. Niwaambie habari za Stephanie Kwolek. Alipata shahada yake ya kwanza ya kemia mwaka 1946, Pittsburgh, Marekani. Alitaka kuwa daktari, hakuwa na ada, akaomba kazi DuPont, kampuni ya kemikali, ili aweke akiba ya kusomea udaktari. Hakuondoka tena. Hakuwahi kusomea shahada ya juu zaidi ya ile ya kwanza. Mwaka 1965 alitengeneza myeyusho wa polima ambao haukufanana na chochote walichokizoea: ulikuwa mwepesi na wa ukungu, wakati myeyusho mzuri ulitakiwa uwe mzito na safi. Mtaalamu wa mashine ya kusokotea nyuzi alisita kuuweka, akihofia utaziba matundu. Kwolek akasisitiza. Nyuzi zilizotoka ndizo zilizofungua njia ya Kevlar, nyuzi za fulana zinazozuia risasi.

Na kuna jambo jingine kumhusu ambalo napenda kulisema kwa walimu. Mwaka 1959, kabla ya Kevlar, Kwolek na Paul Morgan waliandika katika jarida la ualimu wa kemia jinsi ya kuonyesha nailoni ikizaliwa mbele ya darasa. Unamimina kimiminika kimoja juu ya kingine kwenye bika, kile chombo cha kioo cha maabara, havichanganyiki, na pale vinapokutana utando unafanyika. Unaushika kwa koleo unauvuta, na unaendelea kuvuta, uzi hauishi. Mpaka leo wanafunzi wa nchi nyingi wanaonyeshwa uzi huo. Mtu yule yule aliyekaa maabara akitafuta kitu kipya alikaa pia akifikiria mtoto wa shule atakielewaje. Kwangu mimi hizo si kazi mbili.

Kemikali za jaribio lile la Kwolek ni kali, ni ghali, na shule nyingi za hapa hazitazipata. Msihuzunike. Pale mezani kuna ndoo ya maji, mkasi, na chupa za maji ya kunywa mlizozinunua stendi. Kata kipande cha chupa, kata kipande cha kizibo, vitie vyote majini. Cha chupa kitazama, cha kizibo kitaelea. Chupa ni polima iitwayo PET, na sentimita moja ya ujazo ina uzito wa gramu 1.38 hivi. Kizibo ni poliethilini au polipropilini, chini ya gramu 1. Kwa macho vyote ni plastiki tu. Kwa ndoo ya maji mmevitenganisha, na hata viwanda vya kurejeleza plastiki hutumia njia hiyo hiyo, kwa matangi makubwa.

Mwaka jana tulilifanya jaribio hili katika shule moja ya sekondari njia ya Korogwe. Tulipomaliza, msichana wa kidato cha pili alinyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, mfuko mbadala ni kitambaa au ni plastiki?" Alikuwa anazungumzia ile mifuko laini iliyoenea masokoni baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku Juni 1, 2019. Mwanafunzi wangu aliyekuwa akiongoza jaribio alisimama kimya. Hakujua. Na mimi nilifurahi kwamba alikiri hajui, hakubuni jibu.

Tuliporudi chuoni akalichukua swali lile. Akanunua mifuko sokoni kwa pesa yake. Akaiweka majini, ikaelea, lakini akaona kwamba huenda ni hewa iliyonaswa kati ya nyuzi. Kwa hiyo akaikata vipande vidogo, akaiosha kwa spiriti ili hewa itoke, akarudia. Ikaelea bado. Akaigusisha na pasi ya moto, ikayeyuka, ambapo pamba isingeyeyuka. Mwisho tukampa nafasi kwenye mashine ya mwanga wa infraredi, inayotambua kitu kimeundwa na nini, dakika 10 tu, na mchoro ukaonyesha wazi. Polipropilini. Ile ile ya Milano. Ile ile ya kamba iliyoishinda katani.

Alirudi Korogwe na majibu. Hakutuma ujumbe, alikwenda mwenyewe na basi, akasimama mbele ya darasa lile na kumwambia yule msichana: swali lako lilinipa kazi ya miezi mitatu, na hili ndilo jibu. Wazazi wenzangu, ningependa mngekuwepo.

Ninapokwenda shuleni sasa siendi kugawa elimu peke yake. Naenda kuchukua maswali. Mtaani yako mengi, na mengi ni mazuri kuliko tunayoyatunga sisi ofisini. Mama wa Paje, Unguja, anayelima mwani anajua kwamba spinosamu na kotonii, aina mbili za mwani, havifanyi uji wa aina moja. Sisi tunaweza kumweleza kwamba polima ya kotonii inashikana kwa nguvu ikipata potasiamu na kuwa jeli ngumu, wakati ya spinosamu hupenda kalsiamu na jeli yake ni laini. Lakini yeye ndiye anayejua mwani wa kusi ukoje na wa kaskazi ukoje, mwani ulionyeshewa ukoje. Tukikaa naye asubuhi moja tunatoka na maswali ya wanafunzi watano. Fundi pikipiki naye ana yake kuhusu pedi za breki.

Nikitaja breki nakumbuka korosho, na hapa nitakaa kidogo.

Ganda la korosho lina mafuta meusi yanayounguza ngozi. Wabanguaji wa Mtwara na Lindi wanayajua kwa vidole vyao. Mafuta hayo yana molekuli ambazo mwanakemia akiziona anashukuru: upande mmoja ni fenoli, pete ya kaboni iliyo tayari kuungana na nyingine, upande wa pili una mkia mrefu wa kaboni 15. Ukiyachanganya na fomaldihaidi, kemikali ya kuunganishia, molekuli hizo zinaungana kuwa gundi ngumu isiyoogopa joto. Ndiyo maana India hutengeneza kutokana nayo unga wa kutia kwenye pedi za breki. Sisi sehemu kubwa ya korosho yetu tumeiuza ghafi, na ganda lake linakwenda pamoja nayo, na mafuta yake ndani.

Utafiti haukukosekana. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina historia ndefu ya kuyachunguza mafuta haya. Mwaka 1992 Elifas Bisanda, ambaye baadaye alikuja kuongoza Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, alichapisha pamoja na Martin Ansell wa Bath, Uingereza, utafiti kuhusu kitu kilichotengenezwa kwa nyuzi za katani na gundi ya mafuta ya ganda la korosho. Fikirini: jani la Tanga na ganda la Mtwara katika ubao mmoja. Nilipousoma mara ya kwanza nilimkumbuka baba yangu, nikalia.

Kwa nini basi nyumba zetu hazijaezekwa kwa ubao huo? Sababu za fedha na soko zipo. Lakini ipo pia sababu ya mikono. Ubao wa namna hiyo una maswali mengi madogo ambayo hayajibiwi kwa makala moja wala kumi. Selulosi, polima inayojenga nyuzi za katani, inapenda maji, gundi haipendi maji, na pale zinapokutana ndipo ubao unapopasukia. Ukiilowesha katani kwenye soda kali (caustic soda) kabla ya kuigundisha, uchafu na nta vinatoka, uso wa uzi unakwaruzika, gundi inashika vizuri. Ukizidisha soda, uzi wenyewe unadhoofika. Kiasi gani, muda gani, kwa katani ya jani la chini au la juu, ya shamba la bonde au la kilimani? Ubao uliokaa juani kiangazi kizima ukapigwa na masika unabaki na nguvu kiasi gani? Hakuna maabara ya Bath itakayotujibu habari ya masika ya Muheza.

Hizo ni kazi za mwanafunzi wa mwaka wa pili na wa tatu. Zinataka uvumilivu, daftari safi, mizani ya kuning'inizia, na kurudia, kurudia, kurudia. Mtu wa uzamivu ana miaka michache na tasnifu moja, hawezi kuvuta nyuzi 600. Wanafunzi 12 wa shahada ya kwanza wanaweza, na katika kuzivuta mmoja wao ataona uzi usiofuata wenzake, kama Holzkamp alivyoona.

Niseme ya kwangu pia. Nilipokuwa mwaka wa tatu, katika chuo nilichosoma, kulikuwa na chumba chenye mashine mpya ya kupima mnyororo wa polima unayeyuka kwenye joto gani. Ilikuwa imefunikwa kwa turubai na mlango ulikuwa na kufuli. Niliomba mara tatu. Nikaambiwa hiyo si ya watu wa shahada ya kwanza. Niliporudi miaka mingi baadaye, turubai lilikuwepo bado, na mashine ilikuwa imekufa bila kutumika. Nimelibeba jambo hilo mpaka leo. Mashine inayoharibiwa na mwanafunzi angalau imefundisha mtu.

Sasa ya utendaji, kwa haraka.

Wanangu wa kidato cha tano na sita: msisubiri chuo. Maonyesho ya Young Scientists Tanzania yanapokea kazi za sekondari kila mwaka. Ndoo ya maji, rababendi, wanga wa muhogo uliopikwa na siki na gliserini ukaanikwa kuwa karatasi laini, hivyo vinatosha kuanza swali la kweli.

Ninyi wa chuo: mwendeeni mhadhiri muhula wa kwanza, msingoje mradi wa mwaka wa mwisho. Msimwambie "naomba nafasi." Mwambieni "nimesoma hili, nina swali hili, nipe kona ya meza." Zile wiki za mafunzo kwa vitendo, wengi wenu mnazitumia kupanga mafaili kwenye ofisi ya mtu. Ombeni kituo chenye maabara. TARI ni Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania: kituo chake cha Mlingano kiko hapa Muheza na kazi yake ni mkonge. TARI Naliendele iko Mtwara na kazi yake ni korosho. TIRDO, shirika la utafiti na maendeleo ya viwanda, iko Dar es Salaam. Na mtakaposoma habari za ile mipango ya Marekani ya kuwalipa posho wanafunzi wakae maabara wakati wa likizo yao ya kiangazi, jueni kwamba ile inayogharimiwa na serikali yao imewekwa kwa raia na wakazi wao wa kudumu. Jifunzeni mfumo wake, muutake kwa wakuu wa vyuo vyetu. Sisi tunaodhamini miradi tunaweza kutenga fungu dogo la nauli na chakula. Nimelifanya, linawezekana.

Wahadhiri wenzangu, nawaomba kitu kimoja. Mwanafunzi akiingia maabara yako, usimfanye mwosha vyombo wa muhula mzima. Mpe swali lake, hata dogo. Na matokeo yake yakiingia kwenye makala, jina lake liingie.

Wazazi, binti akisema anabaki chuoni likizo hii kuvuta nyuzi za katani, mpeni ruhusa. Naelewa mnamhitaji nyumbani. Nami nilihitajika nyumbani.

Yule msichana wa Korogwe ameniandikia barua wiki mbili zilizopita. Yuko kidato cha tatu sasa. Anasema amezika vipande vitatu nyuma ya bweni: kimoja cha mfuko mbadala, kimoja cha kamba ya katani, kimoja cha gunia la salfeti. Anavifukua kila mwezi kuvipima kwa mizani ya duka la jirani. Kamba ya katani imeanza kupungua uzito. Ananiuliza ni wadudu au ni maji, na atatofautishaje.

Swali hilo nimeliandika ubaoni, hapo nyuma yangu. Wanafunzi wangu wanne wako kwenye meza zile, wana ndoo, mikasi na daftari. Anayetaka kusaidia kulijibu aje mbele na rababendi yake, tuanze.